Filamu Yetu Iko Wapi? Barua ya Wazi kwa Wanaokuja Osiri na Kamera

Waheshimiwa waandaaji, waelekezi na wapiga picha mnaofika machimboni kwetu. Nanyi mlio katika ofisi zinazotoa vibali vya kupiga filamu nchini Kenya,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi huku Osiri, Nyatike, Kaunti ya Migori. Boma letu liko karibu na machimbo kiasi kwamba mashine za kusaga mawe zikinyamaza usiku, watoto hushtuka usingizini. Ninawaandikia kwa sababu ya mikono ya mama mkwe wangu.

Ilikuwa Jumamosi, tumekwisha kula. Runinga yetu ni ndogo na inatumia sola. Jua likiwa limewaka vizuri mchana, hutuvumilia hadi saa nne usiku. Mpwa wa mume wangu alikuja na simu yake akasema amepata makala ya wazungu fulani kuhusu dhahabu ya Nyatike, na kwamba kuna mahali panafanana na kwetu. Akaunganisha simu na runinga kwa waya. Tukakaa: mimi na mume wangu, watoto, majirani wawili, na mama mkwe wangu, tunayemwita Mama, kwenye kiti chake cha kamba karibu na mlango, anakopenda kukaa apate hewa kwa sababu ya kikohozi.

Makala yalikuwa yamefika dakika ya kumi na kitu hivi ikatokea mikono miwili, imejaza runinga nzima. Sura haikuonekana. Mikono inazunguka ndani ya karai la bluu lenye mchanga mweusi, taratibu, kama mtu anayekanda unga wa chapati. Kidole gumba cha kushoto hakina ukucha. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo ni mikono yangu." Ukucha ule uliondoka na nyundo mwaka ambao mume wangu alikuwa darasa la sita, hakuna asiyeujua katika boma letu.

Watoto wakapiga kelele za furaha. Dana, yaani nyanya, yuko kwenye runinga! Lakini yeye hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anamsikiliza msimulizi anayeongea Kiingereza. Kisha akaniuliza, "Japuonj (mwalimu), wanasema nini kuhusu mikono yangu?"

Mimi ndiye mfasiri wa nyumba. Tangu nilipoolewa, filamu yoyote ya Kiingereza ikiwashwa mimi huisimulia kwa Kiswahili na Dholuo, sentensi kwa sentensi, hadi usingizi unishinde. Usiku ule nilitamani nisiwe mfasiri. Msimulizi alikuwa anasema kwamba wanawake wa eneo hili hukoroga zebaki kwa mikono mitupu, kwamba mvuke wake huharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwamba humfikia mtoto akiwa bado tumboni. Nikamwambia Mama. Nilimwambia yote, kwa sababu alikuwa ananitazama usoni.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Walikaa hapa siku mbili. Walikunywa chai kwenye vikombe vyangu. Waliniambia nikoroge tena kwa sababu mara ya kwanza mwanga haukuwa mzuri. Mbona hawakuniambia?"

Waheshimiwa, swali hilo ndilo lililonipa kalamu. Sikitaji kikosi kile, maana sitaki kuwaumbua. Nimekuja kuona kwamba si wao peke yao. Walitengeneza makala mazuri. Picha ni safi, maelezo niliyafuatilia na sikupata uongo. Walieleza sawasawa jinsi mawe yanavyosagwa, mchanga mzito unavyooshwa na kutiwa zebaki (watu wa machimboni huiita merikuri), zebaki inavyoishika dhahabu ikawa donge, donge linavyokamuliwa kwa kitambaa kisha likachomwa motoni mpaka zebaki ipae na dhahabu ibaki. Walieleza hata jambo ambalo mimi mwalimu sikulijua, kwamba mvuke ule hauna rangi wala harufu, kwa hiyo mtu hawezi kusema nitaukwepa nikiuona. Walimweleza mtazamaji wa mbali asiyewahi kuishika zebaki maishani mwake. Mwenye kuishika, tena kwa ombi lao, mara mbili, hawakumwambia neno.

Nisieleweke kuwa nachukia kamera. Nyumba yetu inapenda filamu kuliko nyumba nyingi hapa. Mume wangu alizijua akiwa kijana katika vibanda vya video vya machimboni, vile vya mabati vyenye mabenchi ya mbao, ambako mchimbaji hulipa sarafu chache na kusahau shimo kwa saa mbili. Huko ndiko alikojifunza kumpenda DJ Afro, anayechukua filamu za mapigano za Marekani, Uhindi na China na kuzisimulia upya kwa Kiswahili cha mtaani. Kuna wasomi wanaomdharau kwa sababu huongeza maneno yake na kuwabatiza mashujaa majina apendavyo. Mimi, mwalimu wa lugha, namheshimu. Alielewa jambo ambalo wengi wenu mnaokuja na vifaa vya mamilioni hamjalielewa: mtu aliyeketi kwenye benchi ndiye wa kusemeshwa. Mtu huyo akishajua kwamba maneno yanamlenga yeye, hukaa, husikiliza, na kesho yake hubishana na wenzake juu ya alichokiona.

Nimeliona hilo sebuleni kwangu. Tuliwahi kutazama The Constant Gardener, filamu ya mwaka 2005 iliyopigwa kwa sehemu Kibera na Loiyangalani. Inahusu kampuni ya dawa inayowafanyia maskini wa Nairobi majaribio. Ni kisa kikubwa, nami nilifasiri mpaka koo likakauka, lakini Mama alikuwa akichambua omena, macho hayako kwenye runinga kabisa. Ghafla ikaingia sauti ya mwanamuziki Ayub Ogada, nyatiti yake na wimbo wake wa Kothbiro. Mvua inakuja. Mama akainua kichwa, sinia la omena mapajani, akauliza, "Huyo mtoto wetu anafanya nini humo?" Kutoka hapo akataka kusimuliwa filamu yote tangu mwanzo. Wimbo mmoja tu wa Dholuo ulimfungulia mlango uliokuwa umefungwa kwa saa mbili.

The Letter ilimshika zaidi. Hiyo ni filamu ya hali halisi ya Maia Lekow na Christopher King, ya 2019: kijana anarudi Kilifi kutoka Mombasa baada ya kusikia kwamba nyanya yake anaitwa mchawi, na polepole tunaona kwamba nyuma ya uchawi huo kuna shamba linalotamaniwa na watu wa ukoo. Humo wanaongea lugha zao, Kiswahili kikiwemo, na kamera inakaa na yule bibi bila haraka, analima, anasali, anaimba. Mama aliongea na runinga kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alimwonya bibi yule asitie saini chochote. Alimtukana mjomba mmoja kwa tusi ambalo sikuwahi kujua kuwa analijua. Na ilipokwisha alitueleza habari za mwanamke wa kijiji alichozaliwa aliyefukuzwa kwa shutuma hizo hizo, habari ambayo mume wangu, mwanawe wa kumzaa, hakuwahi kuisikia. Sijui kama watengenezaji wake wana habari kwamba filamu ya Wagiriama ilifungua kinywa cha mwanamke wa Kijaluo upande wa pili wa nchi. Ningependa wajue.

Kuhusu Country Queen nina maoni tofauti kidogo. Ilipotoka Netflix Julai 2022, tamthilia ya kwanza ya Kenya kuingia huko, watu wa machimboni waliisubiri kwa hamu, kwa kuwa ni hadithi ya dhahabu: msichana anarudi kijijini kwao na kukuta kampuni ya Nairobi inataka ardhi ya watu. Waigizaji ni hodari na Nini Wacera anatisha kweli. Lakini dhuluma ndani yake inatoka mbali, inakuja na magari makubwa na viatu virefu. Kwetu haiji hivyo. Mwenye shimo ni jirani. Mwenye mashine ya kusaga ni mzee wa kanisa. Anayenunua dhahabu ya Mama kwa bei ya chini ndiye pia aliyemkopesha pesa za hospitali. Hakuna wa kufukuzwa kijijini ili hadithi iishe. Tangu mgodi wa Macalder ulipofungwa mwaka 1966, watu wamechimba kwa mikono yao bila kutambuliwa, hadi Sheria ya Madini ya 2016 ilipompa mchimbaji mdogo nafasi ya kuomba kibali. Miaka 50 kamili. Watoto wamezaliwa, wamesomeshwa na kuozwa kwa dhahabu isiyokuwa na jina serikalini. Nani ataipiga filamu hiyo, yenye watu wasio wabaya wanaodhuriana? Hapo hamjafika bado.

Sasa niseme juu ya filamu iliyonitia hofu kuliko zote, kwa sababu ni ya ziwa letu.

Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper ilitoka mwaka 2004. Ilipigwa Mwanza, na inahusu sangara, ambaye sisi huku twamwita mbuta, samaki aliyeingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 akawamaliza samaki wengi wa asili. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, mifupa inabaki ikikaangwa. Filamu hiyo ilipata tuzo ya César na ikateuliwa kuwania Oscar. Wifi yangu ameolewa Mbita, Homa Bay, na biashara yake ni mbuta. Alikuja kututembelea nikamwonyesha. Akatazama vile vichwa na migongo ya samaki ikiwa imeanikwa juani, funza wanatambaa, mwanamke anatembea matopeni, akasema, "Hiyo ni kweli." Akatazama tena. "Lakini mimi niko wapi?" Alikuwa na maana kwamba amekuwa akiuza samaki kwa miaka 18, amejenga, anajua bei ya barafu na ya petroli ya mashua, anakijua chama chao cha akiba kilivyonusurika. Anasema kila kamera inayoteremka ufuoni kwao inauliza kwanza juu ya jaboya, wanawake kulala na wavuvi ili wauziwe samaki. Jambo hilo lipo, halikani. Ila hakuna aliyewahi kumuuliza swali la pili.

Kilichoniuma zaidi ni yaliyofuata baada ya filamu. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imeichafua Tanzania, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Mwelekezi alikuwa Ulaya. Aliyekuwa nyumbani ni Richard Mgamba, mwandishi wa habari wa Tanzania aliyekubali kuhojiwa ndani ya filamu hiyo. Yeye ndiye aliyeandamwa na vyombo vya dola, hadi uraia wake ukatiliwa shaka. Ninaamini Sauper aliipenda Mwanza kwa njia yake na aliona jambo la kweli. Lakini ni watu wangapi wa Mwanza walioandamana wakiwa wameitazama filamu yenyewe, katika lugha wanayoielewa, wakapata nafasi ya kusema hapa umepatia na hapa umekosea? Wengi waliisikia kwa midomo ya wakubwa. Filamu ikizunguka dunia bila kupita nyumbani, watu wa nyumbani huletewa habari zake na yeyote mwenye kipaza sauti.

Baada ya usiku wa mikono ya Mama nilianza kutafuta kila filamu inayohusu zebaki. Ndivyo nilivyofika Minamata, Japani. Kiwanda cha Chisso kilikuwa kikimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na umwagaji haukukoma hadi 1968. Kuna filamu ya 2020 iitwayo Minamata, Johnny Depp akimwigiza mpiga picha W. Eugene Smith, tuliyoitazama nyumbani kwa siku mbili kwa kuwa sola ilituzimikia katikati. Ni filamu nzuri, ingawa nilichoka kumwona Mmarekani mlevi akiwa katikati ya kila jambo huku wavuvi wakipita nyuma yake. Mwisho wake unaelekea kwenye picha mashuhuri aliyoipiga Smith Desemba 1971: mama akimwogesha binti yake aliyezaliwa na ulemavu kwa sababu ya sumu ile. Jina la binti sitalitaja, na sababu ni hii. Picha hiyo ilizunguka dunia na ikasaidia sana. Binti alifariki 1977, na picha ikaendelea kuzunguka. Wazazi wakachoka kumwona mtoto wao kwenye mabango, wakataka apumzike. Mwaka 1998 Aileen Smith, aliyekuwa mke wa mpiga picha na mwenzake katika kazi ile, aliwarudishia wazazi uamuzi juu ya picha, na ikaacha kuchapishwa upya. Miaka 22 baadaye watengenezaji wa filamu wakaichukua tena.

Nilipomsimulia Mama habari hizo alinyoosha mikono yake akaitazama pande zote mbili.

Lakini kulikuwa na mtu mwingine Minamata ambaye ningependa nyote mumjue kabla hamjawasha kamera nyingine hapa. Aliitwa Noriaki Tsuchimoto. Alitengeneza filamu juu ya waathiriwa mwaka 1971, akaendelea kutengeneza nyingine kwa miaka mingi. Angeweza kuridhika na sifa za matamasha. Mwaka 1977 yeye na wenzake walibeba filamu zao na mitambo ya kuzionyeshea, wakazunguka vijiji vya pwani na visiwa vya bahari ya Shiranui, kijiji hadi kijiji, kwa miezi. Waliwafuata wavuvi ambao walikuwa wamekula samaki wale wale lakini hawakuwa wameelezwa sawasawa, na wengine walikuwa wakificha maradhi yao kwa hofu kwamba samaki wao hawatanunuliwa. Walitundika kitambaa, wakawasha mtambo, wakawaonyesha. Fikirini mvuvi amekaa gizani, anamwona mtu wa kijiji cha ng'ambo ya maji mikono yake ikitetemeka, na yeye mwenyewe ameikalia mikono yake isionekane na jirani.

Nilipolisoma hilo nililia, tena nikiwa darasani, watoto wananitazama. Miaka ya 70, bila simu, bila droni, mtu alibeba mtambo mzito kwa mashua. Na sisi tunaambiwa haiwezekani kurudi Osiri, mahali ambapo pikipiki hufika hadi mlangoni.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyekuja kwetu alikuwa na ujuzi wa kumponya mwenyeji, akauhifadhi kwenye begi lake la kamera. Angetumia dakika tano tu baada ya kupiga picha. Angesema: Mama, hicho unachoshika ni sumu, na moshi usiouona ni mbaya zaidi; usichomee jikoni, usichomee karibu na mjamzito; kuna chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachonasa ule mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, hata utaokoa pesa. Kenya iliutia saini mkataba wa kimataifa unaobeba jina la Minamata mwaka 2013 na ikauridhia 2023. Mkataba unahusu mikono kama ya Mama. Mpaka usiku ule alikuwa hajawahi kuusikia.

Baada ya makala yale tulihamisha jiko la kuchomea. Sasa liko nyuma ya mti, mbali na nyumba, upande ambao upepo hauelekei kwetu. Mama amenunua glavu, mbili zimekwisha pasuka. Kuacha hajaacha, ana umri wa miaka 67 na hajui kazi nyingine inayolipa jioni ile ile. Najua hilo halitoshi. Lakini hayo machache yametokana na makala yenu, waheshimiwa. Yametokana na kufasiriwa kwake sebuleni, kwa bahati, kwa kuwa kijana mmoja alikuwa na bando. Kuna nyumba ngapi hapa zenye karai la bluu na zisizo na mfasiri?

Kuhusu watoto nitasema kwa uchungu wa mwalimu. Ni kweli wako machimboni siku za shule. Nimesimama mbele ya madawati matupu Jumatatu asubuhi. Siwezi kuwaomba msiwapige picha kana kwamba hawapo. Ila kuna mvulana niliyemfundisha aliyeonyeshwa sura yake yote, amebeba gunia la mawe, machozi yamechora mistari kwenye vumbi la mashavu. Makala yalipofika huku kwenye simu za watu, wenzake walimpachika jina kutokana na maneno ya msimulizi. Alikuja shuleni wiki mbili, kisha akaacha kabisa. Amerudi shimoni, mahali ambapo hakuna anayemcheka. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Mama yake aliniambia aliulizwa kwa ishara ya kidole gumba, naye akajibu kwa kidole gumba. Mpigeni mtoto picha kwa upande wa mgongo. Pigeni picha ya miguu yake, pigeni picha ya kivuli chake. Kama ni lazima sura, basi kaeni na mama yake jioni nzima na mtu anayejua Dholuo, mweleze ni nani ataiona na kwa miaka mingapi.

Nanyi mnaotoa vibali: sheria yetu ya filamu, Sura ya 222, ni ya tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Humtaka mwombaji aeleze mapema atakachokipiga. Mnasoma maelezo hayo na kutoza ada. Naomba mwongeze swali moja katika fomu: utairudisha lini, na kwa lugha gani? Anayeingia kijijini kupiga watu picha aandike kwamba nakala iliyokamilika itaonyeshwa pale pale, kwa Kiswahili au lugha ya wenyeji, kabla au mara tu baada ya kuonyeshwa kwingine. Asiyefanya hivyo asipewe kibali cha pili. Sioni ugumu wake. Gharama ya kufasiri makala ya saa moja ni ndogo kuliko tiketi moja ya ndege ya kikosi, na walimu wa kuifanya kazi hiyo tupo, hata kwa chai.

Mkija tena, nitafurahi pia mkipita Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wa kuyashikisha, zilizoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ziko katika Nyatike hii hii. Droni zinazokuja kutafuta mashimo yetu zinaweza kufika huko bila kuishiwa betri.

Kwa kikosi kilichokunywa chai kwa Mama: mnajijua, na vikombe bado viko. Karibuni Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Darasa la mwisho upande wa mashariki lina ukuta mrefu usio na dirisha. Nitaupaka chokaa mwenyewe. Jenereta tutaazima kwa mwenye mashine ya kusaga, amekwisha kukubali, na siku hiyo atasimamisha kazi mapema ili kelele zisituharibie. Mkija na maneno ya Kiswahili yameandikwa chini ya picha, vizuri. Msipokuja nayo, nitasimama kando ya ukuta na kusimulia. Njooni na yule daktari aliyehojiwa dakika ya 20, maana wanawake wana maswali, nami nimeyaandika kwenye daftari: yamefika 31. La kwanza ni la Mama. Anauliza kama yule mtoto aliyemzaa mwaka 1994, ambaye hakuwahi kusimama, ilikuwa ni kwa sababu ya karai.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili,
Osiri, Nyatike, Kaunti ya Migori